Mgawo wa Wazazi

Waliogawanywa walikuwa wamekaa pale pale sebuleni, bega kwa bega, wakisikiliza wanavyogawanywa.

Mume alijulikana kama Fundi Springi na mke kama Mama Sindano. Wateja ndio waliowabandika majina hayo, yakaganda kama gundi ya mbao. Maisha yao yote walitengeneza makochi. Mume alipiga fremu, akavuta mikanda na kufunga springi. Mke alikata kitambaa, akashona na kuvisha. Karakana yao ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana wa kuelekea barabarani, na nyuma ya pazia ndipo walipolala. Kwa nyundo na cherehani wakasomesha watoto wawili, wa kiume na wa kike, na hawakuwahi kumpigia mtu magoti.

Kisha presha ya macho ikaanza kumla Fundi taratibu, kama nondo anavyokula kitambaa, kuanzia pembeni kuingia katikati. Akawa anagonga vidole badala ya misumari. Mkewe akajaribu kupiga fremu mwenyewe, lakini magoti yake nayo yalikuwa yameshagoma. Maji yalipozidi unga, mwenye nyumba naye akauza kiwanja, na wanunuzi wakataka kubomoa. Ndiyo maana siku hiyo walikuwa kwa mtoto wao wa kwanza, msimamizi wa ghala la saruji, wakingoja kuambiwa watalala wapi.

"Mimi na dada tumekaa, tumeliangalia jambo hili kwa mapana," alisema mwana, mikono imeshikana kama mtu aliye kwenye mkutano wa kazini. "Mzee atabaki hapa kwangu. Mama ataenda kwa dada, amsaidie na mapacha. Ni kwa muda tu."

"Muda gani?" Mama Sindano aliuliza.

"Mpaka tujipange, Mama."

Fundi aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. "Mmetupima kwa futi au kwa kilo?"

Watu wote wakacheka, tena kwa nguvu, kama wanaofurahi kupata kisingizio. Yeye hakucheka.

"Na kwa nini tusikae pamoja?" mama aliuliza tena.

"Mama, unajua kwangu ni vyumba viwili," alisema binti, ambaye alikuwa keshia wa duka kubwa na mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, akionekana nyumbani kama mwezi mwandamo. "Mapacha wenyewe nalala nao."

"Na hapa watoto wanakua, wanataka nafasi," mwana aliongeza.

"Sisi tunalala kitanda kimoja," mama alisema. "Watu wa kitanda kimoja wanataka nafasi ngapi?"

Hapo ndipo mkamwana alipokumbuka kwamba chai imechemka.

Kesho yake binti alikuja na gari la kukodi. Fundi alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, mwingine ukimtafuta mkewe hewani mpaka ukampata begani. Alipapasa mshono wa gauni lake, akasema, "Huu umeushona mwenyewe, umenyooka." Walikuwa watu wa kazi, hawakuwa na maneno mengine ya kuagana. Mama Sindano aliingia garini, na hakulia mpaka walipokata kona.

Kwa binti alikuta mapacha wa mwaka mmoja, wa kiume wote, wenye mapafu kama tarumbeta. Alimkuta pia dada wa kazi, msichana mpole aliyewajua watoto wale vizuri, nani anapenda kubebwa mgongoni na nani hataki kufunikwa usoni. Wiki haikupita, msichana akafungasha virago. "Sasa Mama upo, ya nini kumsumbua mtoto wa watu?" binti alisema. Mama Sindano akambeba pacha mmoja mgongoni. Alikuwa ameelewa alichoitiwa.

Akawa anaamka kabla ya jogoo. Anachemsha maji, anaosha watoto, anafua nguo zao, anasonga na kupika, mmoja mgongoni na mwingine amemng'ang'ania mguuni. Magoti yakavimba mpaka yakang'aa. Wageni wakija, binti alikuwa akimwita kutoka jikoni awasalimie, kisha anasema kwa upole wa kweli kabisa, "Mama yuko hapa kwetu siku hizi. Tunamtunza." Wageni wanaitikia, "Mungu akuzidishie, dada, siku hizi wazazi wanatupwa." Mama Sindano anatabasamu, anafuta mikono kwenye kanga, anarudi jikoni kutengeneza chai ya hao waliomwombea bintiye baraka.

Hakumchukia binti yake. Alimwona anavyorudi usiku miguu imefura kwa kusimama kwenye mashine ya hesabu, anavyolala na viatu. Lakini kila alipomwonea huruma, alijiuliza swali moja lisilo na majibu: na mimi nani ananionea?

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya simu. Mwana anapiga, anaweka sauti kubwa, na Fundi anaongea huku familia nzima ikisikiliza.

"Mwenzangu, hujambo?"

"Sijambo, Baba watoto. Unakula?"

"Nakula. Wananitunza vizuri." Hapo sauti yake inanyooka kama ya mtoto anayesoma mbele ya mwalimu. "Niko salama kabisa."

Jumapili moja aliongeza neno. "Mwenzangu, unalikumbuka lile kochi la mwalimu mkuu?"

Upande wa pili mwana akacheka. "Mzee na makochi yake! Hata ndotoni anapiga misumari."

"Nalikumbuka," Mama Sindano alisema.

"Basi," alisema Fundi. "Nilikuwa naliwaza tu."

Simu ikakatwa, na Mama Sindano akabaki ameishikilia sikioni. Lile kochi alilikumbuka vizuri sana. Mwalimu mkuu alikuwa amenunua makochi mapya, lile la zamani akalisukumia stoo, akafunga mlango. Msimu mzima wa mvua lilikaa humo. Alipolitoa na kuwaletea walirekebishe, sponji ilikuwa imeota ukungu, panya wamezaa ndani, springi zimeshikana kwa kutu. Fundi alilitazama, akasema hili si la kutengeneza tena, hili ni la kuchoma.

Kuanzia siku hiyo aliomba kwenda kumwona mumewe. Binti hakukataa hata mara moja, aliahirisha tu. Mara watoto wana homa, mara kazini wako kwenye kuhesabu mali, mara dereva amerudi na anahitaji kupumzika. "Wiki ijayo, Mama." Wiki ijayo ikawa kama upeo wa macho, unavyoifuata ndivyo inavyosogea.

Mwishowe alingoja siku ya mapumziko ya binti. Asubuhi na mapema aliwaosha mapacha, akawalisha, akawavisha nguo safi, akawaweka kitandani mmoja huku na mwingine huku, kando ya mama yao aliyekuwa bado amelala.

"Amka, mwanangu. Watoto wako hawa."

"Unaenda wapi, Mama?" binti aliuliza, jicho moja limefumbuka.

"Kwa mume wangu."

"Leo? Si ungeniambia!"

"Nimekuambia mpaka ulimi umeota sugu," alisema Mama Sindano, na akatoka.

Alifika kwa mwanawe jua likiwa limeshapanda. Geti lilikuwa na komeo tu, akafungua. Watu wazima wako kazini, watoto shuleni, nyumba imefungwa kimya. Akabisha mlango wa mbele, kimya. Akazunguka nyuma, kupita kamba za nguo na mabaki ya matofali, na hapo akasikia kikohozi. Alikijua kikohozi kile kama anavyojua sauti ya cherehani yake.

Kilitoka stoo. Chumba kidogo cha ukuta wa uani, paa la bati, dirisha dogo lenye nondo, mlango wa mbao. Nje ya mlango kulikuwa na kufuli.

Alisimama akaitazama ile kufuli. Kwanza alidhani macho yamemchezea.

"Nani hapo?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi wa sindano."

Hatua zikaburuzika ndani. Kisha vidole vikatokea kwenye nondo za dirisha, vikipapasa, kucha ndefu na nyeusi. Mama Sindano aliviweka mikononi mwake. Neno la kwanza Fundi alilomwambia lilikuwa, "Umekula?"

"Usiniulize mimi," alisema mkewe. "Kwa nini umefungiwa?"

"Nilitoka," Fundi alisema kwa sauti ya chini, kama anakiri kosa. "Siku moja nilitoka. Nilisema nitafuata ukuta mpaka barabarani, nitauliza njia, watu watanipeleka kwako. Kumbe ukuta una mwisho. Walinikuta katikati ya barabara kubwa, malori yananipigia honi. Basi wakaona bora wanifunge, wasije wakanizika."

"Ulikuwa unakuja kwangu?"

"Sasa ningekuwa naenda kwa nani mwingine?"

Mama Sindano aliweka paji la uso kwenye nondo. Kwa ndani aliona godoro lililo chini, ndoo yenye kifuniko, chupa ya chai, redio iliyokufa betri, na kando yake mifuko ya saruji, baiskeli mbovu, na makopo ya rangi. Harufu ilimpiga usoni. Yeye aliyekuwa akiambiwa kila Jumapili kwamba Mzee yuko salama kabisa.

"Ufunguo uko wapi?"

"Mkwe anaondoka nao. Mchana kuna mama mmoja wa kufua anayenipitishia chakula hapo dirishani, lakini leo si siku yake."

"Basi nitavunja."

Kwa mara ya kwanza sauti ya Fundi ilichangamka. "Usihangaike na kufuli, kufuli ni chuma. Tafuta kipande cha nondo hapo uani. Angalia komeo lilivyoshikwa kwenye mbao. Skrubu ngapi?"

"Nne. Mbili zimelegea."

"Mbao ya mlango huu ni laini, nimeigonga kutoka ndani, nimeijua. Chomeka nondo chini ya komeo, upande wa zile zilizolegea. Usipige, bonyeza. Polepole. Uzito wote wa mwili."

Alichomeka, akabonyeza. Magoti yalipiga kelele, naye akapiga kelele pamoja nayo. Skrubu ya kwanza ikachomoka. Akapumzika, akabonyeza tena. Ndani, mzee alikuwa ameegemea mlango, akisikiliza mbao inavyolia, akisema, "Vizuri. Bado kidogo. Vizuri, mwenzangu." Komeo liliponing'inia na mlango kufunguka, walisimama wakitazamana, mmoja akiona na mwingine akikisia, wote wamejaa jasho kama siku za wateja wengi.

Alimkogesha uani kwenye mwanga. Alimkata kucha. Alipomvua shati aliona mbavu, akahesabu kwa macho kisha akaacha kuhesabu. Akaanika godoro juani, akamwaga ile ndoo, akafagia. Kisha wakakaa kwenye kizingiti wakala machungwa aliyokuja nayo, na Fundi akasema kwamba jua ni tamu, hata mtu asipoliona.

Mwana alirudi jioni. Aliingia uani, akasimama, na kitu cha kwanza kukiona kilikuwa mlango.

"Mama! Mmevunja mlango?"

"Shikamoo kwanza," alisema Mama Sindano bila kuinuka.

"Shikamoo, Mama. Lakini mlango..."

"Umemfungia baba yako kama mbuzi wa wizi."

"Nilimfungia asife!" Mwana alipaza sauti, kisha akaangalia ukuta wa jirani akaishusha. "Ningefanya nini? Mimi niko ghalani kutwa, mwenzangu yuko kazini kutwa. Ningemfunga kamba? Ningeacha kazi? Nikiacha, tutakula nini, yeye atakula nini? Niambie wewe Mama, ungefanya nini?"

"Wewe ulipokuwa unatambaa, karakana ilijaa misumari na patasi. Tulikuwa watu wawili na kazi imetuelemea. Hatukukufungia stoo."

Mwana aliuangalia tena mlango uliovunjwa. Alikaa juu ya tofali, akasugua uso kwa viganja vyenye vumbi la saruji mpaka ukawa kama wa maiti. Alikuwa mtoto mzuri zamani. Mama yake alilikumbuka hilo, na kulikumbuka kukawa ndiko kuchungu zaidi.

"Mimi sirudi kwa dada yako," alisema. "Nalala hapa. Ukitaka kufunga, tufungie wawili."

Hakuna aliyefunga tena. Mkamwana alileta shuka na godoro la pili, macho chini. Usiku ule wazee wawili walilala stoo, kati ya saruji na baiskeli, na Fundi alilala fofofo mkono wake umeshika upindo wa kanga ya mkewe.

Kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa nzuri ya kuwasimulia watoto. Haikuishia hapo.

Siku chache baadaye binti alikuja na mapacha na mfuko wa nguo zao. Macho yalikuwa mekundu. "Nimekosa kazi siku mbili, bosi amenionya. Wewe Mama umemchagua Baba, sawa. Lakini hawa ni wajukuu zako." Akawaweka chini kwenye sakafu ya stoo. "Nitawachukua jioni." Jioni hiyo aliwachukua. Iliyofuata alichelewa. Kisha ikawa anawachukua Jumamosi. Mkamwana naye, alipoona mama mkwe yupo kutwa nzima, akamwachisha kazi yule mama wa kufua, na nguo za nyumba nzima zikawa zinasubiri kwenye beseni kila asubuhi. "Mama, ukipata nafasi tu," alikuwa akisema, kwa adabu zote. Nafasi ilikuwa ikipatikana siku zote, kwa sababu hakuna aliyemuuliza kama anayo.

Majirani walimsifu mwana. "Umewaweka wazazi wote wawili! Utaona baraka zake." Mwana aliitikia amina, na huenda kufikia hapo mwenyewe alikuwa ameshaamini.

Mama Sindano alifua, alipika, alibeba mmoja na kumkimbiza mwingine, alimwongoza mumewe chooni, alimtilia dawa za macho ambazo hazikuwa na la kuokoa tena. Siku moja, akikamua shuka, alicheka peke yake. Fundi akauliza kuna nini.

"Nawaza hii nyumba ya pili, na ile ya kwanza. Kila mmoja anasema ananitunza mimi. Sasa mimi nisipoamka, hao watunzaji watakula nini?"

Hakukawia kupata jibu. Asubuhi moja ya baridi alitaka kuinuka, na mwili ukakataa. Kifua kilikuwa kimebana, mdomo mkavu, miguu kana kwamba si yake. Fundi alimgusa paji la uso, akashtuka kwa joto lake. Alisimama, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akaita, "Mwanangu! Njoo, mama yako hajiwezi!"

Mwana alikuja akachungulia, akasema atapita duka la dawa akirudi. Punde likasikika gari la kukodi getini, na sauti ya binti. Watoto wawili wa Mama Sindano walisimama uani, hatua chache kutoka dirishani.

"Mama anaumwa," alisema mwana.

"Anaumwa nini?"

"Homa. Sijui. Hajaamka."

"Mungu wangu. Na hawa leo nawapeleka wapi?"

"Mimi nina mzigo unashushwa ghalani, siwezi kukaa."

"Na mimi zamu yangu imeshaanza! Mke wako je?"

"Ameshaondoka. Na Mzee naye leo nani atamshika? Ona sasa, nilisema mimi, huyu Mama atachoka, hana umri wa kuhangaika na watu wote hawa."

"Ulisema lini? Mke wako ndiye aliyemfukuza mama wa kufua!"

"Na wewe dada wa kazi ulimpeleka wapi?"

Waliendelea hivyo, kwa sauti za kunong'ona zenye makali, wakirushiana lawama kama watu wanaosukumiana gari bovu. Mama Sindano alisikiliza akiwa amelala ubavu. Alikuwa akingoja neno moja tu. Alingoja mmoja wao amuulize mwenzake, tumpeleke hospitali? Hakulisikia.

Mlango ukasukumwa. Binti aliingia, akainama, akamgusa mama yake shavuni kwa mgongo wa mkono. "Pole, Mama. Pumzika, eh? Usifanye kitu chochote leo." Kisha akawaweka mapacha kwenye godoro, miguuni pake. "Hawa wameshakula, watatulia tu. Nitapiga simu." Alitoka haraka, na gari likaondoka. La mwana likafuata.

Uani pakawa kimya.

"Wamesemaje?" Fundi aliuliza.

"Wameniuliza hali," alijibu mkewe. "Wamesema nipumzike."

Mzee alikaa kando yake, akashika kiganja chake kilichokuwa kikiungua. "Mama watoto," alisema, "mimi nimekuwa kipofu. Sijawa kiziwi."

Mkewe alimbana vidole. Pacha mmoja alianza kulia, na wa pili, aliyekuwa hajui kisa, akamuunga mkono. Nguo za mmoja zilikuwa zimeshalowa. Fundi alinyoosha mikono kuelekea kilio, akamkosa mtoto, akashika hewa, akamkosa tena.

Mama Sindano alimtazama kitambo. Kisha akajiinua kwa kiwiko, akashusha miguu sakafuni, akaanza kutafuta nguo kavu.